Hima, mila na mwenye kondoo wachache

Imamu Shafi'i anasimulia kuwa katika zama za Ujahilia, mkuu wa Waarabu aliposhuka kwenye nchi yenye majani mengi alimpandisha mbwa juu ya kilima akamfanya abweke. Kote ilikofika sauti ya mbwa yule malisho yalikuwa yake peke yake, na nje ya hapo aliendelea kuchunga pamoja na wengine kama kawaida. Ardhi iliyozuiwa namna hiyo iliitwa hima. Ilikuwa mila inayojulikana na kuogopwa, na vita vya Basus, ambavyo masimulizi ya Waarabu yanasema vilidumu miaka 40, vinatajwa kuwa vilianza kwa ngamia wa mgeni aliyeingia mahali alipojihimia Kulayb.

Uislamu ulipokuja haukuifuta hima, wala haukuiacha kama ulivyoikuta. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Sa'b bin Jaththama, Mtume (s.a.w.) alisema kwamba hakuna hima isipokuwa ya Allah na Mtume wake. Kwa kauli hiyo haki ya mkubwa kujitengea neema ya wote iliondoka, na kinga yenyewe ikabaki kwa ajili ya maslahi ya umma. Mtume mwenyewe alihimia bonde la Naqi', na baadaye Khalifa Umar (r.a.) akahimia maeneo ya Sharaf na Rabadha. Jina lilikuwa lile lile, na kitendo cha kuzuia malisho kilikuwa kile kile, lakini mbwa aliteremshwa kutoka kilimani.

Ningependa sisi tunaozungumza juu ya mazingira katika mwambao wa Afrika Mashariki tulitazame jambo hilo kwa utulivu. Kwa miaka mingi khutba na semina zetu zimekuwa zikianza na aya ya 41 ya Suratur Rum, inayosema kwamba ufisadi umedhihiri nchi kavu na baharini kwa yale iliyoyachuma mikono ya watu, na kuishia kwenye wasia. Aya ni ya haki na wasia ni mwema. Hata hivyo, mvuvi anayetoka msikitini bado hajaambiwa ni mwamba upi upumzishwe, kwa muda gani, nani aulinde, na watoto wake wale nini katika kipindi hicho. Majibu ya maswali hayo hayakuachwa nje ya aya kwa kusahauliwa. Sharia imeweka misingi, kisha vipimo vingi ikaviachia mila za watu wa mahali. Naamini kwamba ulinzi wa bahari na misitu yetu utapata nguvu ya sharia pale tu utakapopita ndani ya mila hizo, na pale mila zenyewe zitakapopimwa kwa haki ya mnyonge.

Kanuni ya fiqhi inayohusika hapa inajulikana kwa kila aliyekaa darasani: al-ada muhakkama, yaani ada hufanywa hakimu. Ni moja ya kanuni kuu tano ambazo wanazuoni wa Kishafi'i walizihesabu kuwa nguzo za fiqhi, na Waturuki wa Dola ya Uthmaniya walipoandika Majalla, yaani mkusanyo wao wa sheria za kiraia uliotokana na fiqhi, katika karne ya 19 waliiweka kuwa kifungu cha 36, kisha katika kifungu cha 43 wakaongeza kwamba linalojulikana kwa ada ni kama lililoshurutishwa kwa sharti. Kanuni hii haikutungwa ili kuwaridhisha watu wa mila. Wanazuoni waliona kwamba nassi nyingi, yaani maneno ya Qur'ani na hadithi, zinataja jambo bila ya kulipimia mpaka, na kwamba mpaka wa haki hauwezi kujulikana bila ya kuwauliza wanaoishi nalo.

Tuchukue mfano wa kisima. Anayechimba kisima katika ardhi isiyo na mwenyewe anastahiki pia harim, yaani eneo la pembeni ambalo mwingine haruhusiwi kuchimba wala kujenga, ili maji ya kisima cha kwanza yasipungue na wanyama wapate pa kusimama. Zipo riwaya zinazotaja dhiraa 25, 40 na 50. Imamu Malik hakuweka idadi. Alisema kwamba kipimo kinategemea ugumu au ulaini wa ardhi na kile ambacho hakitakidhuru kisima, na hilo ni jambo la kuamuliwa na wajuzi wa mahali. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wa mwambao wetu vimekisoma, anaeleza harim kwa maneno mafupi kuwa ni kile kinachohitajiwa ili manufaa yatimie. Anapoitaja harim ya kijiji anahesabu uwanja wa mkutano, mahali pa kukimbizia farasi, mahali pa kupumzishia ngamia na mahali pa kutupia taka, kisha anasema "na mfano wa hayo". Katika maneno hayo ya mwisho ndimo ada inamopata nafasi yake. Wanazuoni wa madhehebu mbalimbali waliingiza humo malisho na mahali pa kuokota kuni panapotegemewa na wanakijiji. Kijiji cha pwani ambacho hakina farasi wala ngamia, lakini kina mikoko inayozuia mawimbi na ambamo samaki huzaana, hakihitaji dalili mpya ili kuihesabu mikoko hiyo kuwa harim yake. Kinachohitajika ni kadhi au mufti atakayekaa na wanakijiji na kuandika kwamba hivyo ndivyo ilivyo.

Nimeutaja mfano huo kwa urefu kwa sababu kuna upande wa pili unaotuumiza. Mtume (s.a.w.) alisema kwamba mwenye kuhuisha ardhi iliyokufa ni yake. Hadithi hii imefahamika katika sehemu nyingi za pwani kuwa ni ruhusa ya kudumu ya kukata na kuchoma: asiyefyeka hana haki, na msitu uliosimama ni msitu usio na mtu. Fahamu hiyo imegeuka kuwa ada, na ada imegeuka kuwa hoja mbele ya masheha na wazee wa mji. Minhaj yenyewe inasema kwamba kuhuisha kunatofautiana kulingana na makusudio, na inapofika kwenye bustani inataja kuzungushia ukuta pale tu ambapo ada imezoea hivyo. Kwa hiyo neno "kuhuisha" halina maana moja iliyofungwa. Isitoshe, ardhi iliyokufa kwa istilahi ya mafakihi ni ile ambayo haikuimarishwa na wala haifungamani na maslahi ya walioimarisha jirani yake. Msitu unaoshikilia chemchemi ya kijiji unafungamana na kijiji hicho mchana na usiku, na atakayeufyeka kwa jina la kuhuisha atakuwa ameua kilicho hai. Abu Hanifa alishurutisha idhini ya mtawala katika kuhuisha ardhi, na japokuwa mwambao wetu ni wa Kishafi'i, naona sharti hilo lina hekima kubwa katika zama hizi za misumeno ya mashine.

Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya ada sahihi na ada fasidi, yaani iliyoharibika. Ada ya kufyeka ili umiliki inagongana na kanuni ya kutodhuru na kutodhuriana, ambayo ni hadithi ya 32 katika zile Arubaini za Nawawi. Ada ya kuvua kwa baruti nayo imeshadumu kwa miongo kadhaa katika baadhi ya maeneo ya Tanzania, na kuna vijana walioikuta kwa baba zao, lakini kudumu hakuifanyi kuwa hakimu. Baruti humuua samaki mkubwa pamoja na mayai na makinda yake, na huvunja matumbawe ambayo huhitaji miongo kujijenga upya. Anayeirusha anakula riziki ya watu ambao bado hawajazaliwa. Mbele yake uweke mtego wa dema. Mfumaji hupitisha vijiti kwa vidole akiacha macho ya mtego wazi kiasi kwamba kinda hupita na kutoka upande wa pili, na babu aliyemfundisha huenda hakutumia neno mazingira hata mara moja katika maisha yake. Jicho la dema ni kipimo cha kisharia kilichofumwa kwa mkono. Likibanwa ili hata kinda asiponyoke, ada njema imegeuzwa fasidi, na jambo hilo linastahiki kusemwa juu ya mimbari kwa jina lake na kwa ukubwa wake.

Swali gumu zaidi, na ambalo wengi wetu hulikwepa, ni lile la misitu ya kaya na mizimu. Kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu katika pwani ya Kenya inayokingwa na wazee wao, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Miongoni mwa Wamijikenda wamo Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu, na kule Kwale wana msitu wao wa Kaya Kinondo. Mgeni anayeingia hufungwa kaniki nyeusi, na huambiwa asitoke na kitu, hata kijiti kikavu. Kwa karne kadhaa makatazo ya namna hiyo yamekinga miti ambayo sheria za serikali zisingeweza kuikinga. Lakini sehemu ya makatazo inasimama juu ya hofu ya mizimu, na Mwislamu hawezi kuificha hofu hiyo chini ya mkeka. Qur'ani katika Suratul Maida, aya ya 103, iliwakemea waliowatenga wanyama kwa ajili ya masanamu yao na kuyaita hayo dini.

Wapo wahubiri wanaosema kwamba dawa ni kuukata msitu. Hoja yao ina uzito wake na haifai kupuuzwa, kwa kuwa imepokewa kwamba Umar aliamuru ukatwe mti ambao watu walidhani ndio ule uliofanyiwa chini yake Baia ya Ridhwan, yaani kiapo cha utii ambacho maswahaba walimpa Mtume, alipoona wanauendea kusali. Hata hivyo, kile kilikuwa mti mmoja, na fitina ilikuwa ndani ya mti wenyewe. Kuukata hakukukausha kisima cha mtu. Msitu wa kaya hushika udongo, huvuta mvua na kulisha vijito, na madhara ya kuukata yatawaangukia Waislamu wenyewe pamoja na majirani zao. Kanuni inasema kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Hima nayo ilikuwa ya Kijahilia, na kiburi kilichoisimamisha kilikuwa dhulma iliyo wazi, lakini Mtume (s.a.w.) hakuagiza mifugo iingizwe ndani mpaka majani yaishe ndipo ijulikane kwamba Ujahilia umekwisha. Aliondoa sababu mbaya akaweka sababu njema. Sheikh anayemwambia mzee wa kaya, kwa adabu anayostahiki mzee, kwamba msitu usikatwe kwa sababu ni amana ya Allah na ni harim ya kijiji, na kwamba mizimu haidhuru wala hainufaishi, ameilinda tauhidi na ameulinda mti. Anayekwenda na shoka amekosa moja ya mawili hayo. "Mwacha mila ni mtumwa," husema wahenga, na mimi ningeongeza kwamba asiyeichambua mila yake hatajua lini anaiacha na lini inamwacha yeye.

Pemba kuna mfano ambapo uchambuzi wa namna hii ulifanyika kwa sehemu. Kisiwa cha Misali kipo magharibi ya Pemba, na wavuvi wa vijiji vingi hupiga dago, yaani kambi ya uvuvi, huko. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika kisiwani, akawaomba wavuvi msala ili asali, nao hawakuwa nao, basi akasema kwamba kisiwa chenyewe ni mfano wa msala, akasali juu yake. Kisiwa kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998, na katika miaka iliyofuata masheikh na wavuvi walikaa pamoja kuzungumza uvuvi kwa lugha ya Qur'ani na Sunna. Sijui njia bora zaidi ya kumfikia mvuvi wa Kipemba. Kisa cha msala si dalili ya kisharia, wala hakuna aliyedai hivyo, lakini kinawakumbusha watu heshima ambayo tayari wanayo kwa mahali pale, na sharia inaposimama juu ya heshima hiyo haianzi na mikono mitupu.

Tujue pia kwamba mahakama haitatufanyia kazi hii. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, imeziwekea mahakama za makadhi mpaka katika mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na kwa Zanzibar pia kazi ya kadhi iko katika mambo ya familia na yanayofanana nayo. Kesi ya mikoko haifiki mbele ya kadhi. Kwa hiyo sharia ya mazingira katika mwambao wetu ina milango miwili tu: fatwa na mimbari kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine mapatano ya watu wenyewe katika kamati za wavuvi za shehia au za ufukwe. Mlango wa pili ndio ulio karibu zaidi na roho ya kifungu kile cha 43 cha Majalla. Wanakijiji wakikubaliana kufunga mwamba na makubaliano yakajulikana na kushikwa, yamekuwa kama sharti, na Waislamu, kama ilivyokuja katika hadithi, hufungwa na masharti yao. Anayeingia usiku kuvua mahali palipofungwa anavunja ahadi mbele ya Mola wake, na hilo analielewa hata kama hajawahi kuiona gari ya doria.

Nguvu hiyo ndiyo inayonifanya niogope, kwa sababu inaweza kutumiwa vibaya. Minhaj, baada ya kumruhusu kiongozi kuhimia sehemu ya ardhi iliyokufa, inataja kwa ajili ya nani: wanyama wa jizya (kodi ya wasio Waislamu) na wa zaka, wanyama waliopotea, na watu dhaifu wasioweza kwenda mbali kutafuta malisho. Kisha inasema kwamba anaweza kuiondoa hima haja ikitokea, na kwamba hahimii kwa ajili ya nafsi yake. Masharti hayo yanapaswa kusomwa kila panapotangazwa hifadhi mpya. Tangu mwaka 2021 visiwa vidogo kadhaa vya Zanzibar vimekodishwa kwa wawekezaji, na katika fukwe nyingi za mwambao wavuvi wamezoea kukuta kamba na walinzi mahali walipokuwa wakivuta mashua zao. Mahali panapofungwa kwa mvuvi na kufunguliwa kwa mgeni mwenye fedha, mbwa yule wa kilimani amerudi kubweka, hata kama bango limeandikwa neno hifadhi. Kwa mtazamo wa sharia kinga ya namna hiyo haiwi hima. Ni ile ile iliyofutwa.

Umar alimweka mtumwa wake aliyemwacha huru, aitwaye Hunayy, kuwa msimamizi wa hima, na maneno aliyomwagiza yamo katika Bukhari na katika Muwatta. Alimwambia awainamishie Waislamu bawa lake na aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwa kuwa hujibiwa. Akamwambia amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Ibn Awf na Ibn Affan, kwa sababu mifugo ya matajiri wale ikifa watarudi kwenye mitende na mashamba yao, ilhali ya mnyonge ikifa atamjia Khalifa na wanawe akilia. Maji na majani, alisema, ni mepesi kwangu kuliko dhahabu na fedha. Kisha akasema jambo ambalo ni wachache kati ya watawala wanaolikubali: kwamba wenyeji wanaona amewadhulumu, kwa kuwa nchi ni yao, waliipigania katika Ujahilia na wakasilimu wakiwa juu yake, na kwamba lau si mali ya jihadi asingewazuilia katika nchi yao hata shubiri moja.

Abdur-Rahman bin Awf na Uthman bin Affan ni katika maswahaba kumi waliobashiriwa Pepo, na bado walitajwa kwa majina kuwa wasipewe kipaumbele. Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe, siku ya ufunguzi wa Makka, alipotangaza kwamba miti ya Haram, yaani eneo takatifu la Makka, isikatwe na mwiba wake usikatwe, ami yake Abbas alisema, isipokuwa idhkhiri (aina ya nyasi zenye harufu nzuri), kwani ni ya wahunzi wetu na nyumba zetu. Mtume akajibu: isipokuwa idhkhiri. Katika ardhi tukufu kuliko zote, katazo lilipokea haja ya fundi wa mtaani ndani ya mazungumzo yale yale.

Kwa hiyo kamati inayofunga mwamba wa pweza, kama ambavyo sasa baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba hufanya kwa miezi kadhaa, isitosheke na kuhesabu ratili zitakazopatikana siku ya kufungua. Pweza hukua upesi, na mavuno ya siku ile huwa makubwa. Kwa kawaida ya miaka mingi wanaomtafuta kwa miguu, maji yakiwa yametoka wakati wa bamvua (siku za maji makubwa kujaa na kutoka sana), wakiwa na fimbo au kipande cha chuma mkononi na ndoo kiunoni, ni wanawake wa kijiji. Siku ya kufungua hufika vijana wenye miwani ya kuzamia na mashua, na kabla ya jua kupanda mwamba umeshasafishwa. Wanawake wale ndio wenye kondoo wachache, nao ndio walioketi miezi yote bila ya mboga ya bahari ili mwamba upumzike. Mapatano yaandike kwamba bamvua la kwanza baada ya kufungua ni lao, kwa miguu na kwa fimbo, na wenye mashua wangoje maji yanayofuata.